Kiolezo cha Solfa

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu wanaonijua kanisani hawatakubali. Wao wananijua kama mwanamke mwenye mdomo, anayeweza kusimama katikati ya kikao na kumwambia mzee wa kanisa kwamba hajui anachokizungumza. Hiyo nayo ni kweli. Lakini hasira zangu nyingi huanzia kwenye woga, na hilo nimekuwa nikilificha vizuri kwa miaka mingi.

Kwa kazi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Goba, juu ya mteremko ambao mvua ikinyesha bodaboda wanakuambia ushuke utembee. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenituma, ni kuchapa nyimbo za kwaya. Mtu ananiletea wimbo ulioandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mistari, mimi naurudisha umenyooka, nota zimekaa mahali pake na maneno yamekaa chini ya nota. Programu ya kuandikia muziki nilijifundisha mwenyewe kwenye laptopu ya zamani. Watu hudhani ugumu uko kwenye nota. Nota ni rahisi. Ugumu uko kwenye ukurasa.

Ukurasa una mambo mengi. Jina la wimbo likae wapi, pambizo ziwe pana kiasi gani, muziki uanzie wapi na uishie wapi, namba iwe kona ipi. Ukipanga hayo upya kwa kila wimbo utazeeka kabla ya Pasaka. Ndiyo maana programu inakuruhusu kutengeneza kiolezo. Unapanga ukurasa mara moja, unaupa jina, kisha kila wimbo utakaouambia utumie kiolezo hicho unakaa hivyo hivyo. Na ukigusa kitu kwenye kiolezo, kurasa zote zinazokitumia zinabadilika papo hapo. Nilikipenda kitu hicho kuliko vyote. Nilikuwa na violezo vitatu ndani ya faili moja kubwa lililobeba nyimbo zetu zote: kimoja cha nota za mistari mitano, kimoja cha vitabu vya watoto, na kimoja nilichokiita Solfa.

Kiolezo cha Solfa nilikitengeneza kwa ajili ya kwaya ya Kimbiji. Hao hawasomi nota za mistari. Wanasoma herufi, do, re, mi, kama babu zao walivyofundishwa na walimu wa dini, na wanazisoma vizuri kuliko sisi wengi tunavyosoma nota. Kwa miaka mitatu walikuwa wakiomba kuingia kwenye mashindano ya kwaya ya jimbo, na kwa miaka mitatu wakawa wanaambiwa mwakani. Mwaka huo ombi lao likaja tena kwenye kikao cha kamati ya mashindano, ambamo mimi pia nilikuwemo, na mjumbe mmoja akacheka.

“Jamani, mtu hajui hata kusoma nota, anakuja kufanya nini? Watatupotezea muda tu hawa.”

Nikasimama. “Nyie mnaosoma nota, mbona kila mwaka mnaanza juu mnamalizia chini? Wapeni wimbo. Mie nitawachapia kwa solfa. Kukiwa na kosa, niulizwe mimi.”

Kikao kikacheka, mwenyekiti akaandika. Kimbiji wakaingia. Niliporudi nyumbani siku ile nilijiona mtu mkubwa sana.

Wimbo wa lazima, ule ambao kila kwaya inatakiwa kuuimba, ulikuwa mpya kabisa. Kazi ya kuutunga alipewa mtu mmoja kutoka nje ya jimbo, na kamati ikakataza mtu yeyote kuurekodi, ili kila kwaya ijifunze kwenye karatasi na si kwa kusikiliza kwenye simu. Kwaya zote zikapewa nota za mistari, kurasa sita. Kimbiji nikawapangia solfa kwenye kurasa nne, karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati, kwa sababu kanisa lao halina madirisha bado na upepo wa baharini unapita ndani utakavyo. Karatasi mbili mbili zingepeperuka. Nikaiambia programu kwamba muziki huo usizidi kurasa nne kwa hali yoyote. Nikaukagua wimbo wote, herufi kwa herufi. Ulikuwa sahihi.

Kabla sijauchapa, bibi mmoja wa usharika wetu akafariki. Familia ikaja kuomba karatasi ya nyimbo za mazishi, kwa solfa, kwa vile marehemu mwenyewe aliimba solfa maisha yake yote. Wakataka nafasi chini ya ukurasa wa mwisho, ya kuweka picha yake na neno la shukrani. Ndivyo tunavyofanya, karatasi ya ibada huondoka na picha ya marehemu, na watu huzitunza ndani ya Biblia kwa miaka. Nilikuwa na haraka. Nilipaswa kunakili kiolezo cha Solfa, niipe nakala jina lingine, halafu niibadilishe nakala. Kitufe cha kunakili kipo pale pale, unakibonyeza mara moja. Mimi nikakifungua kiolezo chenyewe. Nikaishika fremu ya muziki ya ukurasa wa mwisho, lile boksi ambalo nota hukaa ndani yake, kwa chini, nikaivuta juu kiasi cha kiganja cha mkono, nikaweka picha. Nikajiambia nitairudisha baada ya mazishi.

Tulizika. Kesho yake mama mmoja wa sauti ya pili kutoka Kimbiji, muuza samaki, ambaye ndiye mtunza karatasi wa kwaya yao, akanipigia kwamba yuko njiani kuja Goba kuchukua nyimbo. Nikafungua faili, nikapeleka stesheneri, nikatoa kopi thelathini. Ukurasa wa mwisho sikuutazama. Ningeutazama wa nini, nilishaukagua. Nikazifunga kwa kamba, nikampa mkononi, akaziweka kichwani akashuka nazo mlima.

Wiki sita zikapita.

Alhamisi ya kuelekea mashindano, saa kumi jioni, nilikaa mezani kuandaa kopi za majaji. Walitaka waone kila kwaya inaimba kutoka kwenye karatasi gani. Nikafungua ile ya Kimbiji, nikashuka mpaka ukurasa wa nne, na chini yake nikakuta nafasi nyeupe. Nilidhani kioo kimeganda. Nikafunga, nikafungua tena. Nafasi ilikuwa pale pale, kiasi cha kiganja. Picha ya bibi ilikuwa imebaki kwenye nyimbo zake za mazishi, ila nafasi yake nilikuwa nimeikata kwenye kila wimbo unaotumia kiolezo kile.

Muziki uliokosa nafasi haukuwa umefutika. Ulikuwemo ndani ya faili, mzima, ila kwenye karatasi haukutoka, kwa sababu niliikataza programu kwenda ukurasa wa tano. Na programu haikusema neno. Vipimo vinane vya mwisho, vile vipande vidogo ambavyo wimbo hugawanywa kwa mapigo, havikuwepo.

Nieleze vipimo hivyo ni vipi. Wimbo unapanda mpaka neno “milele”, sauti zote nne zinalishika pamoja, ndefu, zimetulia, na mtu yeyote atadhani umekwisha. Hapo ndipo karatasi ya Kimbiji ilipoishia. Kumbe baada ya hapo besi wanaanza peke yao, chini kabisa, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, halafu sauti ya tatu wanaingia, halafu sauti ya pili, halafu ya kwanza, mpaka Amina. Ndiyo sehemu ambayo mtunzi aliuandikia wimbo wote. Na kanuni ya mashindano ilikuwa wazi: asiyemaliza wimbo wa lazima anatoka.

Nikachukua simu. Mwalimu wa kwaya ya Kimbiji ni mama wa miaka sitini na kitu, mkunga mstaafu, mtaratibu sana. Nikampigia mara moja. Ikasema haipatikani. Nikaiweka simu mezani haraka haraka, kabla haijabadili nia ikapatikana. Ningeweza kutuma ujumbe. Niliuandika, kwa kweli. Niliuandika mara tano, na kila mara nilipofika kwenye neno “kosa” niliona kile kikao, nikaona yule mjumbe akicheka, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema niulizwe mimi. Nikafuta.

Nilichofanya badala yake nilikifanya vizuri mno. Nilinakili kiolezo, nikavitenganisha cha mazishi na cha Kimbiji, kila kimoja na jina lake, nikairudisha fremu chini, nikatoa kopi thelathini mpya. Kazi ilikuwa safi. Niliona afadhali niende mwenyewe, nikawape mkononi. Mtu akija mwenyewe hukasirikiwa kidogo kuliko anayepiga simu.

Ijumaa niliomba ruhusa shuleni, nikavuka kwenda Kigamboni, na toka pale nikachukua bodaboda hadi Kimbiji. Barabara ile inajulikana. Kila shimo nilikuwa najisemea maneno ya kuanzia. Shikamoo mama, nimekuja na jambo. Shikamoo mama, kuna kitu kimepungua. Hakuna lililokaa sawa mdomoni. Dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aangalie mbele.

Nilifika saa kumi na moja kasoro, jua bado liko juu. Nikamwambia dereva azime pikipiki kwenye minazi, hatua kama hamsini kutoka kanisani, nikasogea kidogo kwa miguu. Walikuwa wanaimba. Kwa kuwa hakuna madirisha niliwaona kwa mgongo, wamejipanga, na mwalimu mbele yao na kijiti chake. Walikuwa wanaimba wimbo wa lazima.

Nimesikia kwaya nyingi. Sijawahi kusikia kwaya ya watu ishirini na nane ikiwa na utulivu ule. Walipofika kwenye “milele” walilishika kana kwamba hawana haja ya pumzi, wakalipunguza kidogo kidogo mpaka likaisha lenyewe hewani. Kisha wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Mwalimu akaweka kijiti chini akasema, nikamsikia vizuri:

“Basi. Imekaa. Hatuugusi tena mpaka kesho. Mkaombe, mkalale.”

Nilikuwa na kopi thelathini kwenye mkoba. Nilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Nikajiambia kwamba nikiingia sasa nitawavuruga. Nikajiambia usiku mmoja hautoshi. Nikajiambia huenda majaji wakaelewa, maana watakuwa na karatasi yao. Nikajiambia mambo mengi na yote yalikuwa yanasikika kama busara, lakini miguu ilikuwa imeshageuka zamani. Mtu mmoja alitoka na ndoo, nikampa mgongo. Nikapanda pikipiki.

“Mbona hujaingia, sista?” dereva akaniuliza.

“Wana shughuli.”

Jumamosi mashindano yalikuwa Kawe, kwenye kanisa kubwa. Nilifika mapema nikakaa pembeni, karibu na mlango. Kimbiji walikuja wamevaa vitenge vipya vya rangi moja, wanawake wamefunga vilemba, wanaume wameshonewa mashati kwa kitambaa kile kile. Mwalimu wao aliniona akaja moja kwa moja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekonda.” Akanishika mikono yote miwili. “Wewe ndo umetufikisha hapa. Sie tulikuwa tunaombaga kila mwaka, hakuna wa kutusikia. Leo ukisikia tunaimba, ujue tunakuimbia na wewe.”

Hapo nilikuwa na dakika arobaini nzima. Walikuwa wa nne kwenye orodha. Besi wangeweza kufundishwa vipimo vinane nyuma ya kanisa kwa dakika arobaini. Si vigumu, ni vya chini na vya polepole. Nikasema, “Mungu awatangulie, mama.” Akaniacha akaenda kuwapanga watu wake.

Kwaya tatu zilizotangulia zikaimba mpaka Amina. Kila mara besi walipoanza ile sehemu ya mwisho niliwatazama Kimbiji. Kwaya ya kwanza ilipoanza, hawakushtuka. Ya pili ilipofika hapo, niliwaona wakitazamana. Ya tatu ilipofika hapo, mwalimu alikuwa amefungua karatasi yake, anaigeuza mbele na nyuma, anaigeuza tena.

Wakaitwa. Hakukuwa na la kufanya. Walitembea mbele, wakajipanga, wakaimba. Waliimba vilevile kama Ijumaa, labda vizuri zaidi. Walipofika kwenye “milele” walilishika na wakaliachia, na mwalimu akashusha mkono. Jaji wa katikati akawa bado ameshika kalamu, ameinamisha kichwa, anasubiri besi. Kanisa zima likasubiri. Halafu mwalimu akageuka, akainama kutusalimu, na jaji akanyanyua uso. Nyuma yangu nikasikia yule mjumbe wa kamati akisema taratibu, “Si tulisema?”

Walipotangaza kwamba kwaya ya Kimbiji haikukamilisha wimbo wa lazima, wao walikuwa nje tayari, chini ya kivuli cha ukuta. Nilitoka. Nilitaka kwenda nyumbani, lakini lango la kutokea lilikuwa upande ule ule. Yule mtunza karatasi, muuza samaki, alikuwa amekaa chini anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, na wenzake wamesimama mbali naye. Hakuna aliyemwekea mkono begani.

Mwalimu akanifuata. Akanivuta pembeni, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

“Mwanangu, utusamehe. Tumekuaibisha. Umetupigania, na sie tumeshindwa hata kutunza karatasi. Nimeona wenzetu wana karatasi nyingi, yetu ni moja. Ya pili imepotea njiani. Nimemuuliza yule, anaapa alipewa fungu moja tu. Sasa nani atamwamini? Nimemwambia akabidhi hiyo kazi ya kutunza.”

Akanionyesha karatasi yake. Kwenye ile nafasi nyeupe chini ya ukurasa wa nne walikuwa wameandika majina yao, wote ishirini na nane, kwa peni ya bluu, kila mmoja chini ya sauti anayoimba. Palikuwa mahali pazuri pa kuandika.

Ningeweza kunyamaza. Nataka msomaji ajue kwamba niliwaza hivyo, na niliwaza kwa muda. Kisha yule mama akapenga kamasi kwa nguvu pale chini, na nikasikia nasema.

“Hamkupoteza kitu, mama. Hakukuwa na karatasi ya pili. Nilibadilisha ukurasa kwa ajili ya mazishi, nikasahau kuurudisha. Vipimo vinane vilibaki kwenye kompyuta. Kosa ni langu.”

Alinitazama. Hakukasirika, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tu.

“Umelijua leo?”

“Alhamisi.”

Akaikunja ile karatasi katikati, taratibu, akapitisha kidole kwenye mkunjo.

“Jana jioni,” akasema, “mtu wangu mmoja wa sauti ya tatu alitoka kwenda kuchota maji. Akarudi akaniambia, mwalimu, nimemwona yule mama wa Goba kasimama kule kwenye minazi na boda. Nikamwambia umemfananisha. Nikamwambia yule angeingia.”

Alisubiri kidogo, pengine akidhani nitakataa. Halafu akaniacha akarudi kwa watu wake, akaenda mpaka kwa yule muuza samaki, akachuchumaa mbele yake, na magoti yake si mazuri. Akamshika mikono. Kwaya ikasogea.

“Nimekukosea, mwenzangu,” akasema, kwa sauti ambayo sote tuliisikia. “Karatasi hazikupotea. Zilichapwa vibaya toka huko zilikotoka. Naomba radhi mbele ya wote.”

“Nani kakosea?” mmoja wa besi akauliza.

Niliushika mkoba kwa mikono miwili. Mwalimu alinyanyuka kwa kujishikilia ukutani, akajipangusa kitenge, akasema twendeni gari linasubiri. Hakunitaja. Wakapita mbele yangu mmoja mmoja, na wengi wao wakaniaga kwa heshima, shikamoo dada, asante kwa kazi yako, na mimi nikawaitikia wote.